Reli ya Mjomba Juvenali

Ngara Mjini,
11 Machi 2024

Mjomba Juvenali,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na masikio hayajazidi kukusumbua. Mimi ni mzima. Mama nilimwona Jumapili kule Nyakisasa, anakusalimu sana. Maharage ameshayapalilia, ila mihogo ya nyuma ya nyumba imeshikwa na ugonjwa wa batobato, na anaomba kaka yake amtafutie mbegu nyingine huko Biharamulo.

Nadhani mwanao Pancras alikuambia kwamba nimepata kazi. Ni kampuni ya washauri wanaopima njia ya barabara mpya ya malori. Mimi ni karani wa kumbukumbu: napokea fomu, naziingiza kwenye orodha, nazipiga muhuri. Bado nipo kwenye miezi ya majaribio, kwa hiyo nafika mapema na naongea kidogo.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu siku hizi unaweka simu kwenye spika, na ukiweka kwenye spika Kanyinya nzima inasikia. Hili sitaki lisikike.

Ijumaa niliiona ramani ya barabara inavyopita kwenu. Wameandika itafuata njia ya zamani ya reli. Mstari unapita nyuma ya kanisa la kigango, unaingia kwenye migomba yako, unapita juu ya nyumba ya Pancras. Nilitaka kuuliza jambo moja tu. Hiyo reli, uliiona mwenyewe au babu ndiye aliyekusimulia? Na kama ni babu, alisema ilipita palepale, au upande ule tu?

Nijibu kwa mkono wako, Mjomba, na barua umpe Gidioni, konda wa basi la Ngara. Usimpe Pancras.

Mpwa wako,
Joyness


Kanyinya, Biharamulo,
2 Aprili 2024

Mpwa wangu Joyness,

Marahaba. Barua yako ilikaa kwa Gidioni siku tisa. Anasema aliisahau kwenye koti, na koti alimwazima ndugu yake aliyekuwa anakwenda harusini. Sisi ni wazima. Pasaka tumeila vizuri, ingawa tangu nistaafu ukatekista naketi nyuma kama wageni. Kaburi la mama Pancras tumelijengea saruji, na Pancras ameweka vigae vyeupe juu yake. Mvua haina adabu mwaka huu. Mbegu ya mihogo nitamtumia mama yako Rozina ardhi ikikauka kidogo.

Kuhusu reli, nimeshangaa kwamba wewe ndiye unayeniuliza. Desemba ile uliyokaa hapa ukiwa chuo, si nilikutembeza mwenyewe toka kigangoni hadi mtoni? Si nilikuonyesha tuta, na mahali matoroli ya mgodi yalipokuwa yakigeukia? Reli ilikuwepo. Marehemu baba alisukuma matoroli. Wazungu walipoondoka waling'oa vyuma wakaenda navyo. Hata baraza la ardhi la kijiji limeandika hivyo kwenye kitabu chake. Unaniuliza kama polisi, eti niliiona kwa macho? Mimi nimefundisha imani miaka thelathini na moja, na mengi niliyofundisha sikuyaona kwa macho.

Barabara ikipita hapa ni heri kwetu. Nimemwambia Restituta, yule mjane niliyempa kipande cha kujenga jirani na Pancras, kwamba wapimaji watakuja. Tangu juzi anafagia uwanja asubuhi na jioni.

Kazi njema. Usiogope watu wa ofisini, nao wanakula ugali.

Mjomba wako,
Juvenali


Ngara Mjini,
20 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kama niliuliza vibaya. Mama anashukuru kwa ahadi ya mbegu. Hapa Ngara ukungu haushuki mlimani hadi saa nne, na bodaboda wanawasha taa asubuhi. Vigae vya kaburi nitafurahi kuviona.

Naomba usome hapa polepole, na ukiwa peke yako.

Ardhi iliyokuwa ya reli inahesabiwa kuwa ya serikali tangu zamani. Aliyejenga juu yake anaitwa mvamizi. Halipwi fidia, anavunjiwa tu. Ndiyo sababu wameamua kuifuata. Nyumba zilizoguswa Kanyinya ni kumi na nne.

Nikueleze pia ramani yenyewe ilivyopatikana. Ipo ramani kwenye mtandao inayochorwa na watu wa kujitolea. Anayetaka anafungua picha iliyopigwa kutoka angani. Anaona paa, anachora nyumba. Anaona njia, anachora njia. Ni kazi nzuri, Mjomba, usiidharau. Zipo zahanati za huku mpakani ambazo kabla ya watu hao hukuzipata kwenye ramani yoyote. Lakini hakuna anayetumwa kwenda kuangalia. Wenyewe kwa wenyewe wanabishana. Wengine wanasema kisichoonekana ardhini leo kisichorwe. Wengine wanazipenda reli zilizong'olewa, wanazitafuta dunia nzima kama mtu anayetafuta ndugu zake.

Mstari wa Kanyinya ulichorwa na mwanafunzi mmoja, Desemba 2019, akauandika kuwa ni reli iliyong'olewa. Kampuni yetu iliuchukua kama ulivyo, ikabadilisha rangi, ikaweka nembo yake pembeni. Sasa kila anayeutazama anaona kazi ya wataalamu.

Nimepekua nakala za ramani za wakati wa Waingereza zilizopo kabatini kwetu. Mto upo. Njia ya miguu ipo. Kisima kipo. Reli haipo.

Kama reli haikuwepo, andika karatasi moja tu kwamba wewe, mkazi wa pale tangu kuzaliwa, unathibitisha hivyo. Mtendaji wa kijiji asaini, nayo ifike hapa kabla ya Mei 31. Sikuulizi kwa nini ulisema vile. Sihitaji kujua.

Mpwa wako,
Joyness


Kanyinya,
9 Juni 2024

Joyness,

Marahaba. Sisi wazima, mgongo tu unanisumbua. Mbegu ya mihogo nimempa mtu anayepita Nyakisasa. Barua yako niliipata upesi safari hii. Kuchelewa ni kwangu, kwa hiyo usimlaumu Gidioni.

Walikuja tarehe tano, vijana wanne na kopo la rangi nyekundu. Wameweka X kwa Pancras, X kwa Restituta, X kwenye jiko langu. Kwenye kaburi hawakuandika kitu. Walipima urefu, wakapima upana, wakaandika kwenye daftari na kuondoka. Restituta aliwapa uji. Baadaye akaniuliza ile alama maana yake nini. Nilimwambia ni ya kuhesabia nyumba.

Ndassa alikuwa anapitisha ng'ombe kule juu. Unamkumbuka, yule Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga na mifugo yake, boma lake lipo ng'ambo ya kigango. Akasimama, fimbo mabegani, akanitazama hadi nikageuka.

"Katekista," akaniambia, "treni yako imefika. Mbona hupandi?"

Wale vijana wa rangi walicheka bila kujua wanachocheka.

Karatasi unayoitaka siandiki. Mwaka 2009, kwenye ile kesi na Ndassa, niliapa mbele ya baraza la ardhi kwamba pale palikuwa reli, mkono juu ya Biblia, na Biblia yenyewe nilitoka nayo nyumbani kwa kuwa baraza halikuwa nayo. Mwenyekiti alikuwa mzee Jovitus. Yupo hai, kila Jumapili ananipisha nipite. Mtu hawezi kuapa hivi jana na leo akaapa vile kwa sababu rangi imemfikia ukutani.

Na huyo mwanafunzi aliyekaa mbali akachora mstari juu ya nyumba za watu, niandikie jina lake. Nataka nimwombee kwa jina.

Juvenali


Ngara Mjini,
28 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa mgongo. Mbegu zimefika na Mama ameshazipanda. Anauliza kwa nini hukumtumia hata neno moja. Nimemwambia una shughuli.

Jina la mwanafunzi siwezi kuliandika kwenye karatasi. Namfahamu. Ni mtu mwoga. Chuoni walifundishwa kuchora kwa siku moja, na aliyechora nyumba nyingi akapewa fulana. Fulana ile ilimpa kiburi. Alitaka kuweka kwenye ramani kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua. Basi akaona kwenye picha ya miaka ya nyuma njia ndefu iliyonyooka, minyaa imepandwa pande zote mbili, na inapokata kona inapinda taratibu, kama reli inavyopinda, kwa sababu gari moshi haliwezi kugeuka ghafla. Hakujua kwamba kundi la ng'ombe nalo haligeuki ghafla.

Kuna kisanduku cha kuandika umejuaje. Aliandika: nimeonyeshwa na mwenyeji, katekista, anayeaminika.

Wiki iliyopita mstari ulifutwa kwenye ile ramani ya kujitolea. Ulifutwa saa saba mchana, watu wa ofisini walipokuwa wamekwenda kula. Siku ya tatu ulikuwa umerudi. Mtu wa nchi nyingine, mmoja wa wale wanaopenda reli zilizong'olewa, ameurudisha, na kwenye kisanduku ameandika kwamba umethibitishwa na ramani ya mradi. Ramani anayoisema ni yetu, Mjomba. Ni ileile tuliyoinakili kutoka huohuo mstari.

Nilimuuliza msimamizi wangu, kama swali la kazi tu, kwamba mstari ukiwa na kosa unarekebishwaje. Hakuinua macho. Alisema mstari hauna kosa mpaka mwenyeji aseme. Kisha akaniuliza kwa nini nauliza, nikajibu kwamba nataka kujifunza.

Wameongeza siku. Julai 24 kutakuwa na mkutano wa mwisho wa uhakiki hapo Kanyinya. Mhandisi atauliza wenyeji, na watakachosema kitaandikwa. Ndassa anajua palikuwa na nini. Mkisema wawili, wewe na yeye, watu mliokuwa pande mbili za kesi, kampuni haitaweza kupuuza. Wote kumi na wanne watafidiwa.

Nakuomba, Mjomba. Nakuomba kama mtoto uliyemlea.

Joyness


Kanyinya,
3 Agosti 2024

Joyness,

Marahaba. Habari za nyumbani utanisamehe safari hii.

Kwa hiyo mimi ni katekista anayeaminika.

Desemba ile uliketi barazani kwangu na kompyuta mapajani, ukaniuliza mara tatu tuta linaanzia wapi. Nilifurahi. Wanangu hawajawahi kuniuliza jambo mara tatu. Ningejua unaandika, ningesema kidogo.

Sasa nakuambia mara moja, sitarudia. Reli haikuwepo. Baba alisukuma matoroli, hilo ni kweli, lakini ndani ya mgodi, mwendo wa siku mbili kutoka hapa. Pale palikuwa njia ya ng'ombe wa Ndassa. Walipohamia tulipatana nao wapitishe mifugo mahali pamoja wasikanyage migomba yetu. Minyaa tuliipanda pamoja. Kamba ya kunyooshea nilishika mimi upande huu, yeye upande ule. Ndiyo maana imenyooka hata ikaonekana huko angani kwenu.

Mwaka 2009 akaomba baraza liiandike kuwa njia ya mifugo, kwa maandishi. Nikawaza kwamba leo ataandikiwa njia, kesho ataandikiwa malisho, keshokutwa sisi ndio tutakuwa wageni. Nikasema ni reli. Reli ni ya serikali, na serikali hakuna anayeidai. Baraza likamkatalia, akaanza kuzungusha ng'ombe kule juu, mbali, hadi leo. Miaka miwili pakakaa bure. Nikapanda migomba mistari mitatu. Hakuna aliyenikataza. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwazikia wanakijiji wafu wao, padri akiwa mbali. Mistari mitatu ikawa kumi. Pancras akajenga. Nikamgawia Restituta, na wengine wakafuata. Mama Pancras nikamzika pale ili pawe petu kabisa.

Mkutano ulikuwa Jumatano, kama ulivyosema. Ndassa alisimama wa kwanza. Sikumwomba. Alisema bila kupandisha sauti:

"Hapa palikuwa njia ya ng'ombe wangu. Kamba tulishika mimi na huyu."

Mhandisi ni mama mpole. Akanisogelea ili nisikie. "Mzee," akaniuliza, "anasema kweli?"

Jovitus alikuwa ameketi pale. Restituta alikuwa ameketi. Pancras alikuwa ananitazama mdomoni kabla sijaufungua. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, nalo ni fupi.

Nikasema, "Huyo anataka njia yake. Anaitaka tangu 2009."

Watu wakacheka. Walicheka hata wale wenye X, kwa sababu wamezoea kuwa upande wangu. Nikatia sahihi kwamba palikuwa reli. Ndassa hakukasirika. Alivaa kofia yake, akaenda kwa ng'ombe wake.

Usiseme nimefanya hivyo kwa ajili yako. Waliuliza pia kama namjua aliyechora mstari kwa mara ya kwanza, nikajibu simjui. Hilo ndilo la kwako. Lile jingine ni langu.

Ukishasoma, choma.

Juvenali


Ngara Mjini,
19 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mama ni mzima, mihogo mipya imechipua. Nimemwambia kwamba barabara bado inapimwa.

Barua yako sikuichoma. Nilitembea nayo kwenye mkoba siku sita. Ndiyo karatasi niliyokuwa nakuomba tangu Aprili, imeandikwa kwa mkono wako, na imesema zaidi ya nilivyoomba. Ningempa msimamizi, mstari ungefutwa siku hiyohiyo na nyumba kumi na nne zingeandikwa upya. Kisha angeuliza kwa nini imeandikwa kwangu, na huyo aliyeketi barazani na kompyuta ni nani.

Nilifika mlangoni kwake mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na wageni. Mara ya pili alikuwa peke yake, akasukuma kiti nyuma na kuniuliza, "Unasemaje, Joyness?"

Nikamwambia karatasi za printa zimekwisha.

Fomu za Kanyinya ziliwekwa mezani kwangu Jumanne. Ya kwako ilikuwa ya juu. Mwandiko wako haujabadilika tangu uliponifundisha kuandika. Ya Restituta ina dole gumba, na karibu na dole kuna alama ya uji au udongo, sikuweza kujua. Ya Ndassa hakuna. Aliyosema yameingizwa kwenye ukurasa wa malalamiko mengineyo, pamoja na ya mtu aliyelalamikia vumbi. Nimezipiga muhuri zote kumi na nne.

Notisi zinatoka wiki hii, ni za siku thelathini. Kaburi linahamishwa na familia yenyewe. Kibali chake nimeshakiandaa, nitampa Gidioni. Umwambie Restituta mapema aanze kung'oa bati zake, maana wakivunja wao hawabakizi kitu. Umwambie wewe. Mimi hanijui.

Msimamizi amenipongeza kwa usafi wa kumbukumbu. Miezi ya majaribio imekwisha na nimepewa mkataba.

Leo nimejaza orodha ya mwisho inayokwenda makao makuu ya kampuni. Kuna safu inayouliza kila mstari umethibitishwa na nani. Kwenye wa Kanyinya nimeandika jina lako kamili, katekista mstaafu, mkazi tangu kuzaliwa. Nikatafuta safu ya aliyeuchora. Nilirudia kutoka mwanzo wa ukurasa hadi mwisho. Haipo.

Joyness